Spika Zilizomeza Soprano

Kama kuna mtu amewahi kunifanya nitamani kufunga duka nikarudi kupalilia kahawa, ni Mwalimu wa Kwaya. Jina lake silisemi, na yeye mwenyewe hakuwa na muda na majina. Watu aliwaita kwa sauti zao. Mke wake alikuwa Alto. Fundi cherehani wa jirani yake alikuwa Besi. Mimi niliimba chini yake tangu nikiwa msichana wa sekondari mpaka nilipoolewa, kwa hiyo nilikuwa Soprano, na aliniita hivyo mbele ya wateja wangu hata nilipokuwa mama mtu mzima ninayepumua kwa taabu nikipanda ngazi. Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, hayo waulizeni wa ukoo wake. Mimi nina habari za mzee mmoja, gari lake na spika.

Nauza na kufunga redio za magari hapa Moshi mjini. Wateja wangu wengi ni watu rahisi. Kijana anakuja, anataka mdundo utakaomwamsha jirani, namfungia sabufa kwenye buti, anaondoka anatikisa kichwa na maisha yanaendelea. Mwalimu hakutaka mdundo. Alitaka soprano. Alitaka akikaa ndani ya gari lake aisikie sauti ya kwanza ya kwaya yake kama alivyozoea kuisikia kanisani, na kila pea ya spika niliyomfungia aliirudisha na neno lilelile: "Hizi nazo zinameza soprano."

Mngesema ni uzee tu, mzee hana kazi. Lakini jambo lilikuwa zito kwake. Wazee wa usharika walikuwa wameshaanza kusema kwamba Mwalimu amefanya kazi kubwa, sasa apumzike, vijana wapo. Aliwajibu mbele ya watu wote, ibada imekwisha na watu hawajatawanyika: "Siku nitakaposhindwa kusikia kosa, fimbo nitaiweka chini mwenyewe. Kabla ya hapo msinisumbue." Fimbo yenyewe ni kijiti cha mti wa kahawa alichokichonga kwa kisu cha jikoni, ndicho alichoongozea. Basi akawa amejifunga kwa ulimi wake. Soprano ilipoanza kumpotea ndani ya gari, ilibidi kosa liwe la spika. Hakukuwa na kitu kingine ambacho angekubali kukilaumu.

Na hilo gari, jamani. Alipostaafu ualimu, wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa, wengine wakamalizia nyumba. Yeye alipanda basi kwenda Dar akarudi na gari jekundu la milango miwili, lile la kukimbizia, limelala chini, viti viwili tu. Mji ulishangaa. Huyu ndiye aliyevaa koti moja la kijivu mpaka viwiko vikang'aa, aliyemfukuza mtu mazoezini kwa kutafuna pipi. Nilimuuliza, Mwalimu, gari la watu wawili la nini? Akanijibu bila kucheka, "Maisha yangu yote nimesafiri na kwaya nyuma ya maroli, vumbi na ngoma. Sasa nataka gari ambalo kwaya haiwezi kuingia." Halafu kitu cha kwanza alichokifanya baada ya kupata gari ambalo kwaya haiwezi kuingia ni kuirekodi kwaya kwa simu na kuisikiliza humo ndani asubuhi na jioni, vioo vimefungwa, limeegeshwa mbele ya nyumba yake kule Shirimatunda.

Kwao ni Kirua Vunjo, juu mlimani, na gari lile Kirua Vunjo halifiki. Tumbo lake lilikuwa linagusa mawe kabla hata hajaanza kupanda. Kila Jumamosi aliliacha kwa mwenye duka pale lami inapoishia, akamalizia kwa miguu. Desemba ndiyo ilikuwa kichekesho, maana Desemba mlima wote unarudi nyumbani, magari makubwa kutoka Dar na Arusha yanapanda moja nyuma ya jingine, na kila moja linasimama kando yake. "Shikamoo Mwalimu, panda twende." Yeye anajibu, "Marahaba. Nina gari," na hapunguzi mwendo.

Mizigo aliibeba kama wengine wote, ila aliibebea humohumo garini. Nimemwona kwa macho yangu mjini na mkungu wa ndizi umekaa kiti cha abiria, umefungwa mkanda. Majani ya ng'ombe aliyashindilia nyuma ya viti mpaka yakamgusa kisogo. Siku moja nilifungua kava la mlango kuangalia spika inakwaruza nini, nikakuta nyasi kavu za kutosha kutandikia ndama, na panzi mzima. Nilipomwonyesha yule panzi, akauliza kama na huyo ni soprano.

Spika za mwanzo, zile zilizokuja na gari, aliziua kwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mwalimu hanywi. Mwanakwaya akinuka mbege mazoezini alisimamishwa mwezi. Lakini mpwa wake alikuwa anaoa Rau, na mbege ya ukweni lazima iende, na anayeipeleka lazima awe mtu mzima wa ukoo. Akaweka ndoo nyuma ya kiti. Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa mlimani anajua kwamba mbege ambayo bado inachemka haifungwi mfuniko ukakazwa, unaiachia ipumue. Yeye, kwa sababu hanywi, na kwa sababu hakutaka mtu amsikie ananuka njiani, alikaza mfuniko akaupiga na ngumi juu. Kwenye tuta la kwanza ulimpita sikioni. Alifika ukweni koti la kijivu limelowa, anatiririka, ananuka kuliko watu wote waliokuwa pale, na yeye ndiye aliyepangiwa kufungua kwa sala. Wakwe walidhani ameanza sherehe njiani. Walimheshimu kwa hilo, na hakuwasamehe.

Aliniletea gari kesho yake. Spika zilikuwa zimevimba, punje za ulezi zimegandia, mlango unanuka kilabu. "Weka nyingine," akasema, "za kawaida tu." Nilimwamini. Mimi mjinga nilimwamini.

Alikuwa na namna yake ya kuchagua. Alifika nikiwa ndiyo nafungua mlango, flashi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nyimbo zangu za kujaribia hakuzitaka. Alichomeka yake, mazoezi ya kwaya, na simu iliyorekodi ilikuwa imewekwa juu ya benchi katikati ya wanaume, kwa hiyo nusu ya unachosikia ni Besi anakohoa. Alifumba macho, akatoa fimbo mfukoni, akaanza kuongoza dukani kwangu. Wateja walisimama mlangoni hawajui waingie au wavue kofia.

"Simamisha! Hapo. Soprano wako wapi?"

"Wapo Mwalimu, wanaimba."

"Wanaimba wapi? Rombo?"

Nilimweleza kwa upole. Nikamweleza kwa ukali. Nilimwambia sauti nyembamba zina spika zake ndogo, zinaitwa twita, nikamfungia karibu na kioo cha mbele. Akasema anaziona ila hazisikii. Nikazihamishia mlangoni. Nikazihamishia juu zaidi, usawa wa masikio, nikatoboa gari la watu kwa ajili yake. Nikamwambia basi tatizo ni rekodi, Mwalimu, lete simu nyingine, iweke karibu na akina mama. Akasema, "Simu imesikia. Spika imemeza." Alikuwa mzito kuelewa pale alipotaka tu, kwingine kote alikuwa mwepesi wa ajabu. Nilikuwa nikiliona lile jekundu linakata kona kuja kwangu, napandwa na presha kabla halijasimama.

Kilichonikera zaidi ya yote ni kwamba mtu huyu maisha yake yote alipambana na soprano. Neno lake kwetu lilikuwa moja: punguza. Wala hakuhitaji kulisema. Kiganja kinatazama chini, kinashuka polepole, na sisi tunashuka nacho. "Soprano, mnaimba kama mnamwita mtu aliye ng'ambo ya korongo. Punguza." Waimbaji wa besi aliwapenda, ingawa na wao aliwaambia, "Nyinyi ni msingi, lakini hakuna mtu anayelala kwenye msingi, kwa hiyo msivimbe vichwa." Mimi niliolewa na Mkatoliki, nikahamia kanisani kwao. Mwalimu alikuja harusini, akakaa mbele kabisa, na mimi kwa furaha yangu nikaimba na kwaya ya pale, shela kichwani, maua mkononi. Nikatupa jicho. Kiganja kinashuka. Bibi harusi, mbele ya padri, nikapunguza.

Baadaye alimshika mume wangu mkono akamwambia, "Nyinyi mna watu wengi. Huyu mlimtaka wa nini?" Mume wangu mpaka leo hajui kama alisifiwa au alitukanwa.

Halafu ndiye huyohuyo. Mama yangu alipofariki, mvua ilikuwa inanyesha na njia ya kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, imekuwa tope tupu. Hakuna aliyemwomba. Tuliwaona tu wanapanda kati ya migomba, kwaya nzima, viatu mkononi, na yeye mbele na koti lake. Waliimba kaburini mpaka mwisho. Nililia nikiwasikiliza soprano wenzangu wanapaa, wanapaa, nikasubiri kiganja kishuke. Siku hiyo hakumpunguza mtu. Kwa sababu hiyo tu niliendelea kumfungulia duka.

Lakini kila kitu kina mwisho. Jumapili moja, matangazo yamekwisha, alisimama akawaambia washarika wasinunue spika kwangu kwa sababu zinameza soprano. Kanisani! Jumatatu madereva wanaoegesha mbele ya duka walinipokea kwa vicheko. "Mama, zile za kumeza zimebaki? Nina mama mkwe, nataka nimfungie." Wengine walitania tu, wengine kweli hawakurudi. Nilifunga duka mchana nikaenda Shirimatunda nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilikuwa naongea peke yangu njiani.

Alikuwa hayupo. Alinifungulia Alto, mke wake, mwanamke mpole ambaye sijui alimvumiliaje. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu, "Hata mimi siku hizi nikimwita kutoka jikoni haitiki. Ananiambia nimepunguza sauti."

Nikamwangalia. Akaniangalia. Hapo ndipo nilipoambiwa rasmi kile ambacho mikono yangu ilikuwa imeshakijua, maana hakuna pea za spika nyingi namna ile zinazokosea kitu kimoja.

"Mama, kwa nini hamumwambii?"

"Akiambiwa atabisha mpaka kaburini. Na akikubali, ataiweka ile fimbo, si alisema mwenyewe? Unamjua bila ile fimbo?" Akanimiminia chai nyingine. "Mfungie tu zozote, mwanangu. Aendelee kugombana na spika."

Nikarudi na hasira yangu haina pa kwenda, na hakuna kinachochosha kama hicho. Wiki ile alikuja kana kwamba hakusema lolote kanisani, akakaa kwenye kigoda cha dukani alichokwisha kukifanya chake. Nilimfungia pea nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, zile ninazoziweka juu rafuni ili watu waone duka lina vitu. Nikaingia naye garini, tukafunga vioo, akachomeka flashi. Nawaambia, ilikuwa kama wamekaa mbele yetu. Nilisikia kila mtu. Nilisikia hata anayevuta pumzi. Na kwenye ubeti wa pili, soprano mmoja akaingia kabla ya wenzake, peke yake, wazi kabisa, kosa ambalo zamani lingemfanya Mwalimu asimamishe wimbo na kumtoa mtu nje.

Fimbo yake haikutetereka. Akaongoza mpaka mwisho, macho amefumba.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Naisikia kwaya, Mwalimu."

"Na soprano?"

"Wapo."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanihurumia mimi. "Hata wewe masikio yameanza kuchoka," akasema. "Hizi zinameza kuliko zote." Nikashuka nikaenda kusimama nyuma ya duka, maana ningebaki pale ningepiga kelele, na sijui ningekuwa nampigia nani.

Baada ya hapo hakuonekana muda mrefu. Nilisema afadhali. Nilifanya kazi, nikaweka sabufa, nikala kwa wakati. Lakini kila gari jekundu likikata kona nilikuwa nainua kichwa, na nilijichukia kwa hilo.

Alikuja mwezi wa saba, ule wa baridi, mlima umefunikwa siku nzima na watu wamevaa masweta. Niliona gari, nikajiandaa. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo ya kutosha: ya kanisani, ya madereva, ya gari nililolitoboa. Akashuka polepole. Hakuwa na flashi shingoni. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Wasiotoka kwetu niwaambie. Isale ni mmea tunaopanda mipakani mwa kihamba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, mambo yamekwisha. Hata kama ni damu, humrudishi. Watu hawalichezei, na mtu mzima halipeleki kwa mdogo wake hivihivi. Sikuwahi kufikiri nitaona mzee wa umri wake, mwalimu wangu, ananiletea mimi, dukani, mbele ya madereva.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Soprano." Akanyoosha mkono wenye jani. "Spika hazikumeza kitu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Ningefanya nini? Maneno yangu yote, ya miaka, yakawa hayana kazi. Nilikasirika hata kwa hilo, kwamba amenimaliza bila kunipa nafasi ya kuongea.

Alikaa kwenye kigoda akanieleza. Walikuwa mazoezini. Anaongoza, wimbo unakwenda vizuri, akawaona wanatazamana. Soprano wawili wakashusha macho. Mke wake, Alto, akamtazama yeye, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomwambia. "Kulikuwa na kosa," akasema. "Wote walilisikia. Mimi niliwaona wanalisikia." Akasimamisha wimbo, akaweka fimbo juu ya kinanda, akachukua kofia. Jumapili iliyofuata alisimama palepale aliponitangaza akasema, "Spika za yule mama ni nzima. Masikio ya mwalimu ndiyo mabovu." Kisha akapanda Kirua kukata isale.

Nilimwambia kuna vifaa vya masikio, hospitali wanapima, vijidude vidogo tu havionekani. Akaniangalia kwa macho yake ya zamani. "Hivyo ni spika," akasema. "Nimechoka na spika."

Nikacheka, naye akacheka, na madereva waliokuwa wanasikiliza wakajifanya wanafuta vioo. Kisha akainuka kwenye kigoda. Akasema, "Njoo garini."

Nikadhani anataka nifungue milango nitoe zile spika. Kumbe hapana. Tukaingia, akafunga vioo vyote, redio hakuigusa. Akashika usukani kama anayesafiri.

"Ule ubeti wa pili," akasema. "Imba."

"Mwalimu, nina miaka sijaimba. Na watu wanatuona."

"Imba, Soprano."

Nikaimba. Kwa aibu, chinichini, naangalia nje kama kuna mteja. Hakusogea. Alikuwa anatazama kioo cha mbele, uso umetulia kabisa, na nikaelewa kwamba kwake ndani ya gari palikuwa kimya. Akageuza kichwa, akaniletea sikio. Nikarudia. Hakuna. Nikaona kidevu chake kinaanza kutetemeka, na mimi, ambaye mzee huyu amenichosha kuliko mtu yeyote chini ya mlima huu, sikuweza kuvumilia kukiona.

Nikavuta pumzi mpaka tumboni, kama alivyotufundisha, nikaimba kama tulivyoimba kaburini kwa mama. Nikaimba kama namwita mtu aliye ng'ambo ya korongo. Madereva waligeuka wote. Kioo kilitetema, masikio yangu mwenyewe yakauma.

Mkono wake ukaachia usukani. Kiganja kikatazama chini, kikaanza kushuka, polepole. Punguza.

Miaka yote niliitii ile ishara, hata na shela kichwani. Siku ile nilimwangalia machozi yanavyomtiririka hadi kwenye kola ya koti la kijivu, nikaongeza.